Miaka ya Magendo Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha ya Nyumbani na Starehe

Nimekulia Walukuba, Jinja, katika zile nyumba za wafanyakazi wa viwandani ambamo Msoga, Mganda, Mnubi, Mluo, Mlugbara na Mteso walipanga mlango kwa mlango na kuelewana kwa Kiswahili cha kuungaunga. Kila sikukuu watoto wa ndugu zangu hukaa kitako na kuniuliza mambo yale yale ya zamani, na siku hizi hata wanafunzi wenye insha za kuandika wananijia. Nimechoka kurudia. Haya hapa maswali yao pamoja na majibu yangu. Siasa za wakubwa waulizeni wengine, mimi nilikuwa mtoto wa kupanga laini, yaani foleni ya bidhaa.

Miaka ya magendo ni ipi hasa?

Kwa hesabu yangu, kuanzia mwisho wa 1972 hadi 1987. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, jambo hilo akaliita vita vya uchumi. Maduka na viwanda vyao wakagawiwa wanajeshi na watu waliojuana na wanajeshi. Kakira na Lugazi, viwanda viwili vilivyokuwa vikiilisha nchi sukari, vikaanza kusuasua hadi vikakaribia kusimama. Halafu ikaja vita na Tanzania ya 1978 na 1979, serikali zikapokezana kama wachezaji wa akiba, kisha vita vya msituni vya Museveni kule Luwero. Watu husema "wakati wa Amin" kana kwamba shida yote iliondoka naye. Mimi nilipanga laini ya sukari chini ya Amin, chini ya Lule, chini ya Binaisa na chini ya Obote.

Ilikuwa kama ule mdororo mkubwa wa Marekani tunaousoma shuleni?

Hapana, na tofauti yake ndiyo inayoeleza mengine yote. Marekani ya 1933 karibu robo ya wafanyakazi hawakuwa na kazi, bei zikaanguka, bidhaa zikakosa mnunuzi. Kwetu baba alikuwa na kazi, mshahara aliupata, na bei zilipanda kila mwezi. Kitu ndicho hakikuwepo dukani. Ule mdororo wao ulitufikia sisi miaka ya 1930 kwa njia ya bei ya pamba, wazee wetu waliusikia shambani. Huu wetu tuliusikia jikoni.

Mafuta mingi ni nani? Na mbona si "mafuta mengi"?

Ni "mengi", mwalimu, nenda ukawafundishe waliokwisha kufa. Kiswahili cha Uganda kilisema "mafuta mingi" na neno likakaa hivyo hivyo hadi ndani ya Kiganda. Maana yake ni tajiri mpya wa vita vya uchumi, mtu aliyepewa duka la Mhindi bila kujua hata bei ya kununulia mzigo, uso unang'aa, tumbo limetangulia. Kwanza aliuza kilichokuwa kwenye rafu. Rafu zilipoisha akaanza kuuza chiti.

Chiti ilikuwa kikaratasi cha kukuruhusu kuchukua katoni za sabuni au magunia ya sukari kwa bei ya serikali. Aliyeipata hakuwa na haja ya kuiona sabuni yenyewe. Aliiuza chiti, mnunuzi akaiuza tena, na sabuni ilipofika Walukuba ilikuwa imepita mikono minne na bei yake imepanda mara hizo hizo. Hayo ndiyo magendo ya mjini. Magendo ya mpakani yalikuwa kahawa kutoka na sabuni kuingia. Baridi ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikaruka, na kahawa yetu ikavuka usiku kwenda Chepkube, upande wa Kenya, kwa punda, kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu. Mwaka huo huo iliundwa mahakama maalumu ya makosa ya uchumi iliyoweza kumhukumu mtu kifo. Watu waliendelea kuvuka.

Mlikula nini?

Chakula chenyewe hakikutushinda, na hili linawashangaza vijana. Uganda udongo wake ni mwema. Kila penye nafasi ya kutupa jembe pamelimwa: nyuma ya nyumba, kando ya reli, kwenye viwanja vilivyokuwa vya maua. Baba alitoka kiwandani saa kumi na kwenda moja kwa moja kwenye mihogo yake. Watumishi wa serikali wenye tai walifanya hivyo hivyo, maana mshahara wa mwezi ulifika mahali pa kununua mikungu michache tu ya matoke.

Kilichotutesa ni vile vitu vidogo vinavyofanya chakula kiwe chakula: chumvi, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, kiberiti, sabuni, sukari. Kiberiti kimoja kilihudumia nyumba sita, maana asubuhi mtoto alitumwa na kigae kuomba kaa la moto kwa jirani. Mama alichuja majivu ya maganda ya ndizi akapata maji ya chumvichumvi ya kupikia kunde. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, yanatoa povu kidogo, ila shati jeupe linaingia kijani taratibu hadi unalizoea.

Chai ndiyo iliyokuwa na ubunifu. Wengine walitumia sukari guru, na sisi wa Busoga tulikuwa na bahati ya miwa: unatafuna kipande cha muwa, unameza utamu, kisha unapiga funda la chai ya rangi. Sukari yenyewe ikipatikana haikutiwa kikombeni hata siku moja. Mama alimwekea kila mtu kidogo kwenye kiganja. Ulilamba, ukanywa, ukalamba. Mjomba mmoja alikuwa anamaliza kikombe kizima kwa kuitazama tu, kisha anamrudishia mama sukari yake. Mpaka leo sijui alikuwa anatania au vipi.

Redio ilikuwa na kazi gani nyumbani?

Kazi zote. Redio yetu ilikuwa moja kwa nyumba nne, na si kwa sababu wengine hawakuwa na redio. Walikuwa nazo. Betri ndizo hazikuwepo. Kwa hiyo nyumba nne zilichangisha betri: huyu mbili, yule moja, huyu moja, na redio ikahamia kwa yeyote ambaye betri zake zilikuwa bora wiki hiyo. Zilipochoka tulizianika juu ya bati mchana kutwa kama dagaa. Usiku zilizungumza tena nusu saa. Zilipokataa jua, ziliwekwa karibu na jiko, na hapo ndipo mtoto alipewa kazi ya kuzigeuza zisipasuke.

Hivyo redio haikuwashwa ovyo. Palikuwa na saa ya taarifa, saa ya matangazo ya vifo, ambayo hakuna aliyethubutu kuongea ikisomwa, na saa ya salamu na muziki. Radio Uganda ilitangaza kwa lugha nyingi, na wazee walivumilia lugha zisizo zao wakingoja zamu. Jinja ilidaka vizuri Sauti ya Kenya pia. Leonard Mambo Mbotela alipotangaza mpira kutoka Nairobi, uwanja mzima uliingia kwenye kibaraza chetu. Babu yangu mdogo, ambaye hakuwahi kuingia uwanjani maishani mwake, alijua nani kavaa jezi namba ngapi.

Muziki uliopigwa zaidi ulikuwa wa Wakongo, Franco na Tabu Ley, na wetu wenyewe wa kadongo kamu. Kadongo kamu ni gitaa moja na mtu mwenye kisa kirefu. Kisa kinaanza harusini na kuishia polisi, na katikati yake kuna fumbo juu ya wakubwa. Unalijua fumbo, unacheka kwa pua, hulifafanui.

Televisheni je?

Ilikuwepo nchini tangu 1963, na rangi iliingia mapema, 1975, mwaka ambao wakuu wa nchi za OAU, ule umoja wa nchi za Afrika, walikutana Kampala. Mtaani kwetu iliyokuwepo ilikuwa ya meneja mmoja, na tuliitazamia dirishani. Tuendelee.

Mlikwenda dansi vipi, usiku ukiwa wa hatari vile?

Tulikwenda mchana. Hili nalirudia kila mwaka na bado mnacheka. Kuanzia 1979 usiku ulikuwa wa kondo, ndio majambazi, na wa askari wenye bunduki, na mara nyingi huwezi kuwatofautisha. Giza likiingia kila mtu awe nyumbani, mlango umefungwa, kibatari kimefifishwa. Basi dansi lilianza saa nane mchana Jumamosi, likaisha saa kumi na mbili kasoro. Fikiria jua la Jinja, ukumbi wa bati, suruali za bombomu zilizopanuka chini, na watu wanacheza rumba huku wakichungulia mlangoni jua limefika wapi. Wimbo wa mwisho ulipigwa haraka kuliko ilivyoandikwa.

Afrigo Band ilianzishwa 1975, katikati ya shida hizo hizo, na bado ipo. Bendi za jeshi nazo zilikuwa na vyombo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu zilizo wazi, na ziliimba Kiswahili na Kilingala. Watu waliwaogopa wanajeshi hao barabarani na kuwacheza ukumbini. Sioni unafiki hapo. Mguu hauna siasa ngoma inapokolea.

Wanamuziki wengi waliondoka nchini. Philly Lutaaya alifika Sweden miaka ya 1980 na huko ndiko alikorekodi nyimbo zinazopigwa hadi leo kila Desemba Uganda nzima. Wimbo wa Krismasi wa mtu aliye mbali na kwao, kwenye theluji. Uusikilize tena ukijua hivyo.

Ni kweli watu walijaa kwenye michezo ya kuigiza?

Walijaa kupita kiasi. Sinema mpya hazikuja, pesa haikuwa na la kununua, na mtu anataka kucheka. National Theatre ya Kampala ilikuwepo tangu 1959, lakini michezo ilitoka humo ikaingia kumbi za makanisa na za shule, na mwanzo wa onyesho ukasogezwa mchana kama dansi. Jimmy Katumba na kundi lake la Ebonies walianza kwa kuimba wakaishia kuigiza, na watu walisafiri kutoka Jinja kwenda kuwaona.

Wenye kuuliza kama ilikuwa starehe tupu, hapana. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa National Theatre, aliuawa mwaka 1977, baada ya kurudi kutoka Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, alikopeleka mchezo wa Uganda. Baada ya hapo waandishi walijifunza kuandika vichekesho vya ndoa ambamo mume mbabe anaitesa nyumba yake, na watazamaji walijua nyumba hiyo ni ipi.

Mpira uliwezekanaje katika hali ile?

Nchi haikuwa na sabuni lakini ilikuwa na timu. Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, tulilichukua 1973, 1976 na 1977. Machi 1978 Cranes, timu yetu ya taifa, walifika fainali ya Kombe la Afrika huko Accra, wakafungwa 2-0 na Ghana wenyeji. Philip Omondi alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano. Ile ni mara moja tu tumefika fainali. Ndondi nazo: Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia 1979, na 1980 John Mugabi akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Moscow. Na kabla ya yote John Akii-Bua, Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, dhahabu, mwezi mmoja tu baada ya ile amri ya Waasia. Nilikuwa na miaka saba. Kwa wiki nzima tuliruka madumu ya maji hadi mama akayaficha.

Nafikiri wakubwa walipenda michezo kwa sababu ilifunika mengine. Najua. Lakini goli la Omondi lilikuwa letu.

Watoto walicheza nini?

Kila kitu kilichotupwa na mkubwa. Mpira ulisukwa kwa magome makavu ya mgomba, unafungwa kamba hizo hizo za mgomba, na ukinyeshewa unakuwa jiwe. Gari la waya lilikuwa na usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko vya kopo. Wasichana walicheza kwepena, wawili wanarusha na mmoja anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa au akipanga vikopo. Dulu tulicheza kwa gololi za kweli hadi zikaisha, kisha kwa mbegu.

Wakubwa walikuwa na mweso. Ni bao la mashimo 32 na kete 64, na huhitaji kununua chochote, unachimba mashimo ardhini na kuokota mbegu. Mzee mmoja wa kiwandani kwetu alicheza na watu watatu kwa zamu bila kuinua kichwa. Ludo na karata vilitawala barazani siku za mvua. Wakati wa korona, shule zilipofungwa tangu Machi 2020 na nyingine zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022, nikawaona wajukuu wangu wanachora ludo kwenye boksi. Sikusema kitu. Nilikwenda kuwatafutia vifuniko vya soda.

Bia ikikosekana watu walikunywa nini?

Bia ilitengenezwa Njeru, ng'ambo tu ya mto, tuliweza kuinusa upepo ukivuma. Kuinywa kulihitaji chiti. Kwa hiyo wazee walirudi kwenye malwa, pombe ya ulezi, chungu kimoja katikati na maji ya moto yanaongezwa, kila mtu na mrija wake mrefu. Malwa hainywewi peke yako. Ina mwenyekiti, ina faini kwa anayegusa mrija wa mwenzake, ina mtu wa kuleta habari. Kundi la malwa la baba ndilo lililozika watu mtaani, ndilo lililomkopesha jirani pesa ya kujifungulia mkewe. Waragi, pombe kali yetu, nayo ilikuwepo, ya chupa na ya kienyeji. Ya kienyeji ilivunja nyumba kadhaa ninazozijua, sitaipamba.

Harusi zilifanywaje?

Kwa kuazimana. Gauni moja la harusi lililozunguka Walukuba nadhani lilioa wanawake wanane, likipunguzwa na kuongezwa kiunoni. Viatu, mikufu, hata sufuria za pilau zilikuwa na ratiba. Majirani zetu Wanubi ndio waliotufundisha kwamba sherehe haihitaji duka: wanawake wanaweka ngoma yao ya doluka, wanapaka hina, wanaimba majina ya waliohudhuria mmoja mmoja, na kila aliyetajwa anatoa kitu. Aliyekuwa na kipande cha sabuni alitoa kipande cha sabuni, kikafunikwa kwa kitambaa kama zawadi ya dhahabu. Bibi harusi alishukuru kwa machozi ya kweli.

Na sinema?

Tulikuwa watu wa filamu za Kihindi. Jinja ulikuwa mji wa Wahindi, majumba ya sinema yalijaa hata sisi tusiojua neno la Kihindi, tulilia mahali pa kulia. Baada ya 1972 filamu zile zile zilirudiwa hadi mkanda ukawa na mvua. Majumba mengine yakageuka vitu vingine: Norman Cinema ya Kampala leo ni Watoto Church.

Kisha miaka ya 1980 ikaja video. Mtu mwenye deki, televisheni na jenereta anaziba chumba kwa magunia, anaweka mabenchi, analipisha. Tukakiita kibanda, na Waganda wakaita ebibanda. Baadaye akaongezeka msimulizi anayesimama kando na kueleza filamu kwa lugha ya mtaa huku ikiendelea, na mara nyingi maelezo yake yalikuwa bora kuliko filamu. Hao ndio babu zao VJ wa leo. Angalieni msichanganye na kibanda kingine: "bei ya kibanda" ilikuwa bei ya dola kwa walanguzi, mbali kabisa na ile ya benki.

Ni kweli boda boda ilianzia kwenye magendo?

Jina lilianzia mpakani, Busia na Malaba, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka boda hii hadi boda ile. Mzigo ulikuwa na nini ndani, hilo hakuna aliyeuliza.

Kwa nini maneno mengi ya taabu ile ni ya Kiswahili? Na ndiyo sababu Waganda hawakipendi?

Swali hili linanigusa. Magendo, mafuta mingi, kibanda, kondo, panda gari. Panda gari ilikuwa misako ya miaka ya Obote alipotawala mara ya pili: askari wanazingira mtaa au kituo cha mabasi, wanaamuru "panda gari!", na lori linaondoka na baba za watu. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa 1973, na kwa mtu wa Buganda aliyekisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, huwezi kumlaumu akikunja uso hadi leo, ingawa Julai 2022 baraza la mawaziri limekipitisha kuwa lugha rasmi.

Lakini mimi nina kisa kingine nacho. Kwetu Walukuba lugha hiyo hiyo ndiyo mama aliyoombea kaa la moto. Utani wa malwa ulikuwa Kiswahili, matusi ya dulu yalikuwa Kiswahili, na mtu akitaka kumtongoza binti wa kabila lingine dansini hakuwa na lugha nyingine. Siku askari walipokuja mtaani 1982, jirani yetu Mnubi aliwasimamisha mlangoni akawatania kwa Kiswahili chao wenyewe kwa muda mrefu, akawapa chai isiyo na sukari, akawaomba radhi kwa kukosa sukari, wakacheka. Kaka yangu alikuwa juu ya dari. Lori liliondoka bila yeye.

Iliisha lini?

Kwenye vitabu mtasoma Januari 1986, NRA, jeshi la Museveni, walipoingia Kampala. Nyumbani iliendelea. Mei 1987 noti zilibadilishwa, sufuri mbili zikakatwa, na serikali ikachukua asilimia 30 ya ulichobadilisha. Mama alikuwa na akiba ya pesa za mandazi ya miaka miwili ndani ya kopo la maziwa. Alipanga laini siku nzima, akarudi na noti chache mpya, akaziweka mezani tukazitazama.

Sukari ilirudi polepole, Kakira ikafufuliwa, sabuni ikawa kitu cha kawaida. Mama ana zaidi ya miaka themanini sasa. Chini ya kitanda chake kuna pakiti za chumvi, mara ya mwisho nilihesabu kumi na moja, na viberiti vimefungwa kwa nailoni. Mke wa mdogo wangu alijaribu kuzipeleka jikoni mwaka jana. Zilirudi chini ya kitanda kabla ya chakula cha mchana.